Miwani ya "utazoea" na kofia ya viua

"Utazoea, bi mkubwa." Hilo ndilo jibu nililopewa na kijana wa kaunta nilipoirudisha miwani, na hadi leo nikilikumbuka damu inanichemka. Duka liko mjini hapa Unguja, jina silitaji. Waliniuzia lenzi za progresivu, zile zisizo na mstari: juu ya kuonea mbali, katikati ya hatua mbili tatu, chini ya karibu. Bei yake ni ya kofia mbili nzuri. Nikaambiwa itatosha kwa kila kazi. Kwa mshona kofia ya viua, vile vitundu vinavyozungushiwa uzi, haitoshi, wala sababu si uzee wa macho kama yule kijana alivyodai. Sababu ni hesabu, na hesabu hiyo yeye ndiye aliyepaswa kuifanya.

Chukua 100, gawa kwa namba ya miwani, utapata sentimita ambazo lenzi inaona sawasawa. Namba +2.00 ni sentimita 50, +2.50 ni 40, +3.00 ni 33, +4.00 ni 25. Hiyo ni kwa mtu ambaye mbali anaona vyema bila miwani. Mwenye namba ya mbali anajumlisha: mbali -1.00 na nyongeza ya +2.50, ya karibu inakuwa +1.50. Jicho la miaka hamsini na kitu bado lina nguvu yake kidogo, tuseme dayopta moja (dayopta ndiyo hizo namba za miwani), ila ukiitumia yote kutwa nzima kichwa kitakuuma, kwa hiyo panga kutumia nusu. Sasa kiua. Kitundu chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mchele, na nyuzi zinalala bega kwa bega kukizunguka, basi kofia inashikwa sentimita 28 hadi 30 kutoka jichoni. Sentimita 30 zinataka dayopta 3.33. Toa nusu dayopta ya jicho lenyewe, inabaki kama 2.80. Namba za miwani hupanda kwa robo, basi ni +2.75 au +3.00. Mimi nilipewa +2.00! Hiyo ni namba ya kusomea msahafu ulio juu ya marufaa, si ya kushonea bafta.

Kosa lilipotokea napajua. Alinipa kikadi cha maandishi, nikakishika kwa raha yangu mbali kidogo, nikasoma, akaandika namba. Hakuuliza kazi yangu ni ipi. Hakuuliza mikono inakaa wapi. Fundi cherehani anaangalia sindano iliyo sentimita 40 na zaidi, mchonga milango anaangalia patasi iliyo mbali zaidi ya hapo, mshona kofia ndiye wa karibu kuliko wote. Watu watatu wa umri mmoja, namba tatu mbalimbali. Swali lenyewe ni moja tu na halina gharama.

Hata namba ingekuwa sahihi, progresivu ina lake. Sehemu ya karibu ni kijidirisha chembamba chini kabisa ya lenzi, na pembeni mwake kushoto na kulia kuna ukungu ambao hauondoki, ndivyo lenzi hizo zinavyotengenezwa. Mshona kofia hashiki kazi mapajani kama msoma gazeti. Anaiinua hadi kifuani, kwa hiyo jicho linapita sehemu ya katikati, na ili ulipate dirisha la chini inabidi uinue kidevu. Saa mbili za namna hiyo shingo imekufa. Kisha uzi: kila unapovuta, mkono unakwenda pembeni na jicho linaufuata, linaingia kwenye ukungu, linarudi. Kiua kimoja kina mivuto mingi, na kofia moja ina viua ambavyo hakuna aliyekaa akavihesabu.

Na lenzi hizo hazikatwi kwa kukisia. Mteja anasimama wima, anatazama mbele, mpimaji anatia alama ya kalamu juu ya lenzi ya maonyesho pale mboni ilipo, jicho moja moja. Kutoka alama hiyo hadi ukingo wa chini wa fremu paachwe kama milimita 18, vinginevyo dirisha la karibu linakatwa likatupwa. Kwangu hakuna kalamu iliyogusa lenzi. Fremu waliyonichagulia ni nyembamba, ya kupendeza, na kwa joto letu la kaskazi jasho linaiteremsha puani, nalo dirisha linateremka nayo. Halafu naambiwa nitazoea! Mtu huzoea kiatu kipya. Lenzi iliyokatwa pasipo, haizoeleki.

Nisimdhulumu. Fremu haijashika kutu, skrubu hazijalegea, na kwa hewa yetu ya chumvi hilo si dogo. Nikiivaa sokoni Darajani naona bei, naona samaki kama ana jicho safi, naona uso wa anayeniita ng'ambo ya barabara. Mwalimu wa skuli au muuza duka nitamwambia ainunue leo hii. Ndiyo maana hasira haiishi: chombo kizuri kimeuzwa kwa kazi isiyokuwa yake, na aliyeuza hakutaka kusikia.

Kinachofaa kwa kiua ni lenzi ya namba moja juu hadi chini, umbali mmoja tu. Ukisimama dunia ina ukungu, unaivua, basi. Ya tayari, ile ya mezani sokoni, inaweza kukutosha ikiwa macho yote mawili ni sawa. Ijaribu hivi: funga jicho moja, tazama kiua, kisha funga la pili. Likitofautiana moja, iache, kwa sababu ya tayari ina namba moja kulia na kushoto. Kisha ishike mbali na uso, tazama ukingo wa mlango kupitia lenzi huku ukiisogeza taratibu. Ukingo ukitetemeka au ukijikunja katikati ya lenzi, kioo hicho ni kibovu. Wala usikimbilie +4.00 kwa kuwa inakuza. Namba ikipanda, nafasi ya kuona inabana, ukisogeza kichwa kidogo tu kila kitu kinapotea, na kwa sentimita 25 sindano inakuja usoni.

Na kabla ya kulaumu miwani yoyote, tazama mwanga. Jicho la miaka 60 linapokea ndani yake kama theluthi tu ya mwanga unaoingia katika jicho la miaka 20. Kaa dirisha likiwa kushoto kama unashona kwa mkono wa kulia, mwanga uje kwa ubavu, upige kivuli kidogo cha kila uzi. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe hauonekani kwa rangi, unaonekana kwa kivuli. Tandika kaniki mapajani, vitundu vitajitokeza vyeusi. Mwanga mwingi pia unabana mboni, na mboni iliyobana inaona vikali zaidi, kama unapochungulia kwenye tundu la sindano.

Mwenye sukari asipime miwani wakati sukari imepanda, namba itakuja ya uongo. Na taa zikiwa na duara la ukungu usiku, huenda ni mtoto wa jicho, hapo ni hospitali kwanza.

Nilikaa kuandika nikiwa nimeazimia kusema msiende duka lile kabisa. Sasa nasema nendeni, vifaa vyao ni vizima, lakini nendeni na kofia mkononi, sindano imo, na tepu ya fundi. Mwambieni apime kutoka jichoni hadi kwenye kiua na aandike sentimita hizo kwenye karatasi yake mbele yenu. Hapana, nimeisoma tena sentensi hiyo na moyo unakataa kuwatuma huko. Waliochuma chai Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi, walipewa miwani ya karibu tu, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha uchumaji wao umewazidi wenzao wasiopewa kwa zaidi ya asilimia 20. Miwani ni riziki. Mie nilipoteza msimu wa maagizo ya Idi kwa namba isiyoulizwa swali, na pesa yangu hawajarudisha.