Karatasi ya dekali: uliza utando kabla hujauliza bei

Msomaji mmoja wa Arusha amenitumia picha ya Dreamliner yake, modeli ya plastiki ya kampuni ya Zvezda ya kipimo cha 1/144, yaani ndogo mara 144 kuliko ndege halisi. Kachapisha mwenyewe dekali, yaani picha za kulowesha majini na kubandika: twiga wa Air Tanzania na namba ya usajili 5H-TCG. Twiga katoka safi, rangi zimekolea, lakini namba imezungukwa na kijisanduku kinachometameta kama selotepu. Anauliza kama tatizo ni printa, wino au mkono wake. Ndugu yangu, tatizo ni karatasi. Na hauko peke yako, malalamiko ya aina hii yamenijaa.

Mambo ya ukubwa wa shiti na idadi iliyomo kwenye pakiti utayasoma mwenyewe kwenye jalada. Mimi nataka tuzungumze kuhusu utando, yaani ile ngozi nyembamba inayobeba wino baada ya karatasi kulowa na kubaki nyuma. Wauzaji hawautaji, na wanunuzi hawauulizi.

Dekali zinazokuja na kiti nzuri (boksi la vipande vya kuunganisha modeli), mfano zile zinazochapwa na Cartograf ya Italia, utando wake hufuata umbo la mchoro tu. Karatasi ya kuchapishia nyumbani imepakwa utando shiti nzima, kona hadi kona. Kwa hiyo popote utakapokata ndipo ukingo utakapokuwa, na ukingo mnene unashika mwanga. Piga hesabu: tuseme utando una unene wa milimita 0.03. Unaona ni kitu kidogo sana. Zidisha kwa 144 na umepata zaidi ya milimita 4 kwenye ndege halisi. Nani kaona ndege imepigwa namba kwa ubao wa milimita 4?

Mimi huwa napima hivi. Nakata kipande kitupu kisicho na wino, nakilaza juu ya bawa bovu lililopakwa rangi ya kung'aa, nakiacha kikauke hadi kesho yake. Kisha napitisha ukucha kuelekea ukingoni. Ukucha ukikwama, karatasi hiyo kwangu haifai kwa ndege ndogo. Halafu namulika tochi ya simu kwa ubavu, mwanga ukilala chini kabisa. Mistari ya maungio ya bati iliyochongwa kwenye bawa ikionekana chini ya utando, tunaongea. Ikiwa imefunikwa kabisa, rudisha pakiti, kama muuzaji atakubali.

Sasa chaguo langu la kwanza, na wala sijifichi, mimi ni mtu wa Experts-Choice, ya kampuni ya Bare-Metal Foil ya Marekani. Chukua ile angavu, isiyo na rangi, ya printa ya leza. Tona, yaani wino wa unga wa leza, inaunganishwa na utando kwa joto, kwa hiyo haichuruziki ikiingia majini, na huhitaji kurundika vanishi juu yake. Hapo ndipo siri ilipo, maana kila koti la vanishi unaloongeza ni unene mwingine. Kwenye kipimo cha ukucha ndiyo iliyonipendeza kuliko zote nilizopata kushika. Huna printa ya leza? Mimi pia sina. Peleka karatasi kwa fundi wa steshenari, mwombe aweke mpangilio wa karatasi nzito, na usimamie mwenyewe.

Ya pili ni angavu ya inkjeti (printa ya wino wa maji) ya kampuni hiyohiyo. Inafaa, ila wino wake unayeyuka kwa maji, hivyo lazima uufunge kwa vanishi ya kopo: makoti mepesi, moja likauke ndipo lingine lije. Watu wanaharakisha, wanapuliza koti moja zito, wino unatapakaa na utando unakuwa kama ngozi ya ng'ombe. Kisha wanasema karatasi mbovu.

Ya tatu ni nyeupe, nayo ina kazi yake maalumu. Printa ya kawaida haina wino mweupe, na wino wake wenyewe unapitisha rangi ya chini. Chukua bendera ya Kenya. Ile mistari myembamba myeupe, ukiichapisha kwenye karatasi angavu, si wino, ni uwazi tu. Juu ya ndege nyeupe inakaa vizuri kwa sababu weupe unatoka kwenye rangi ya chini. Ibandike kwenye mkia mwekundu, mistari imepotea. Wanaotengeneza matatu za 1/24 zenye bodi nyeusi wanalijua balaa hili: njano ya mkanda inageuka tope. Hapo unahitaji karatasi nyeupe, na unakata mpaka kwenye mstari wa mchoro wenyewe kwa wembe mpya. Ukingo mweupe utabaki, huo unaupitia kwa brashi na rangi ya bodi. Kwa herufi ndogo za usajili sahau kabisa, hakuna mkono wa kukata 5H kwa ukubwa ule. Kuna printa za OKI zenye tona nyeupe, na baadhi ya wachapaji wa fulana wanazo. Ukimpata mwenye nayo, mshike vizuri.

Karatasi zisizo na jina za mtandaoni ni za bei rahisi. Kwa lori au basi kubwa, sawa. Kwa 1/144, hapana.

Wenye modeli ya Super VC10, ndege ya lile shirika la zamani la East African Airways, nyinyi mna nafuu, Roden ya Ukraine ilitoa kiti yenye dekali zake. Ndege zile zilikuwa 5, zimegawanywa kwenye sajili za nchi 3: 5H ya Tanzania, 5X ya Uganda na 5Y ya Kenya. Ukitaka namba isiyomo kwenye boksi, karibu kwenye foleni yetu ya karatasi angavu.

Dawa ya kulainisha dekali ilale vizuri msinunue ovyo. Micro Set yenye lebo ya buluu inatangulia chini ya dekali, inanuka siki. Micro Sol yenye lebo nyekundu inafuata juu. Dekali itakunjamana, utaogopa. Usiiguse, itajilaza yenyewe. Solvaset ni kali zaidi, na kwa dekali ya nyumbani iliyofungwa kwa vanishi ni kama kuichezea bahati, kwa sababu inaweza kuila vanishi yenyewe. Na kabla ya yote paka rangi ya kung'aa, maana rangi kavu isiyong'aa ina vinundu vinavyoficha hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoleta weupe wa fedha chini ya utando. Sisi wa pwani tuna mtihani mwingine: maji ya kisima yenye chumvi huacha madoa meupe yakikauka. Tumia maji ya chupa, ya uvuguvugu.

Sasa wauzaji. Duka moja la mjini linafungua pakiti na kuuza shiti mojamoja, bila jalada, bila maelezo. Nikauliza, hii ni ya leza au inkjeti? Kijana akanijibu, "Zote sawa tu, dada." Si sawa! Karatasi ya inkjeti ikiingia kwenye leza, lile joto la kuyeyusha tona linaweza kuyeyusha na utando, ukajibandika ndani ya mashine ya watu, na mwenye steshenari atakudai wewe, hatamdai yeye. Bei ya ile shiti moja tupu nusura inunue pakiti nzima huko inakotoka. Ukiagiza mwenyewe, nauli inaipita karatasi, na vimiminika wasafirishaji wengine hawavibebi kwa ndege kabisa. Ushauri wangu ni kuchanga watu kadhaa na kuagiza mzigo mmoja, karatasi na Micro Sol pamoja, hata kama zitakuja kwa meli na kuchelewa.

Wa Arusha, ile namba ivue kwa selotepu halisi, taratibu, paka vanishi ya kung'aa upya, na nitakutumia kipande cha karatasi yangu. Twiga mwache alivyo, ukingo wake umefichwa na rangi ya mkia.