TAHADHARI: Mashine ya kapeti "iliyobadilishwa umeme" ni utapeli mtupu

Ndugu zangu wa makapeti, makochi na magodoro, kabla hujatoa hata mia ya kununua mashine ya mtumba ya kuosha kapeti, ile inayonyunyiza maji na kuyafyonza, ukaifunge kwenye gari, soma hapa kwanza. Nimepigwa. Mimi huyuhuyu mnayenipigia simu usiku kuuliza mota ikinuka inakuwaje. Anayetaka kucheka acheke akishamaliza kusoma.

Habari ya kipanya, ile gari ndogo ya abiria ninayoigeuza iwe ya kuoshea makapeti majumbani kwa watu, mnaijua, na yule mama wa Mikocheni, mteja wangu aliyenisakama mpaka nikaachana na kubeba vifaa kwenye bajaji mnamjua pia. Kwa hiyo naenda moja kwa moja Gerezani, ule mtaa wa Dar nilikonunua mashine.

Jina la duka silitaji humu kwa sababu suala liko polisi na RB, namba ya taarifa niliyofungua, ninayo. Mwenye kulihitaji anipigie. Nilielekezwa pale na mtu ninayemwamini, ambaye naye alinunua kwao mashine ya presha ya kuoshea magari na inapiga kazi mpaka leo. Sikumwokota tapeli barabarani mimi. Mwenye duka ni mtu mzima, shati limenyooshwa pasi, anakuita "mwanangu", na mashine anazijua. Alinieleza bila kubabaika kwa nini mota mbili zikifungwa kwa kufuatana zinavuta kwa nguvu zaidi, kwa nini pampu yenye presha ya psi 500 inafaa kapeti lakini ukienda kwenye kochi unashusha hadi 100 na kidogo. Matapeli wa kawaida hawajui hayo. Huyu anajua, na ndiyo maana nasema adhabu yake iwe mara mbili.

Mashine kwa macho ilikuwa safi. Boksi la bluu la Kimarekani, tanki la maji safi na tanki la maji machafu, mota mbili za kufyonza, hita, na nyaya mbili nene za njano, kila waya na plagi yake mpya ya pini tatu. Ubavuni stika imeandikwa 220-240V, 50Hz. Nikamuuliza, hii si ya Marekani, na wale umeme wao si 120? Nilimuuliza kwa mdomo wangu mwenyewe! Akacheka. "Mwanangu, hii ilishabadilishwa Dubai, mota zote za 240, ndiyo maana bei yake iko hivyo." Milioni mbili na laki nane.

Nikasema tujaribu. Hapo ndipo aliponimaliza.

Ukutani palikuwa na soketi, nikataka kuchomeka. Akanizuia, eti ina shoti, akavuta ekstensheni kutoka nyuma ya pazia. Akatandika kipande cha zulia la rangi ya maziwa, akalimwagia chai ya rangi iliyobaki kwenye kikombe chake, akaikanyaga kwa kiatu mpaka ikazama. Akawasha mota ya kwanza, akawasha ya pili, akanipa fimbo. Nikanyunyiza maji ya moto nikienda, nikafyonza nikirudi. Kwenye kile kidirisha cha plastiki kichwani mwa fimbo nikayaona maji ya kahawia yakipanda, na kila nilipopita zulia limerudi rangi yake. Akaniambia weka kiganja kwenye mdomo wa mpira. Kikanaswa. Nilikichomoa kwa nguvu, kimebaki na duara jekundu katikati. Sasa niambieni, mtu akishaona hivyo anatakiwa ashuku nini tena?

Wakati wote huo nyuma ya pazia palikuwa na muungurumo fulani, mdogo, hauachi. Nikauliza. "Friji la soda hilo." Akamtuma kijana aniletee soda hukohuko nyuma. Soda ya moto. Nimekunywa soda ya moto iliyotoka kwenye friji linalounguruma, na nikamshukuru!

Adhuhuri ikaadhiniwa, akaenda kuswali, akaniachia duka. Peke yangu. Droo ya pesa wazi, pazia hatua mbili kutoka nilipokaa. Mtu amekuamini na droo yake, wewe uinuke ukachungulie nyuma ya pazia lake? Mimi nimelelewa. Aliporudi nikalipa. Lipa namba ikaleta jina la mwanamke, akasema ni shemeji yake, ndiye mhasibu. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nayo "mashine imegoma tangu asubuhi", nikaandikiwa ya mkono, chini ina mhuri wa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Garantii siku saba, kwa masharti: nisifungue boksi la mota maana kuna sili, na nisiwashe kabla sijamaliza kuifunga kwenye gari, pampu isije ikazunguka kavu. Akanisifu sana kwamba mashine naifunga mwenyewe kwenye gari. Akaniuzia na mpira mrefu na gurudumu lake la kukunjia, laki nne nyingine.

Yeyote aliyewahi kufunga vitu hivi kwenye gari anajua si kazi ya wiki, hasa kama unajifungia jioni baada ya kazi za watu. Niling'oa viti vyote vya nyuma, nikatandika plaiwudi nene. Tanki la lita 300 likijaa ni kilo 300 za maji peke yake. Ukilibana kwenye bati la sakafu tu, siku ukikanyaga breki ya ghafla linakuja kukaa na wewe mbele. Kwa hiyo nilichomelea fremu ya chuma, bolti zikapita sakafu mpaka kwenye chesi, tanki likakaa nyuma tu ya kiti cha dereva na si mkiani, maana uzito ukikaa nyuma ya ekseli usukani unakuwa mwepesi. Jenereta nikaliweka karibu na mlango wa nyuma juu ya mipira ya kuzuia mtikisiko, ekzosi nikairefusha kwa bomba la chuma mpaka nje. Na hata hivyo haliwashwi milango ikiwa imefungwa. Moshi ule unaua mtu hajajua kama anakufa. Fundi wa kuchomelea wa Tabata ni shahidi, kazi ilikuwa safi, picha ninazo. Nilipomaliza, siku saba zilishapita zamani. Hesabu hiyo yeye alishaipiga siku ileile dukani.

Msiniulize kwa nini sikuwasha nyumbani kwanza. Tanki lilikamilika usiku, majirani zangu mnawajua, na mashine nilishaiona inafanya kazi kwa macho haya mawili.

Basi, Mikocheni. Nimeegesha, nimevuta mpira kupitia dirishani mpaka sebuleni, nimevaa fulana mpya yenye jina la biashara mgongoni. Mama amekaa na wageni wake, dada wa kazi anarekodi kwa simu. Jenereta linasoma 230, limetulia. Nikawasha mota ya kwanza. Ikapiga mlio mkali ambao dukani sikuusikia kabisa, mlio wa juu, wa kupasua masikio. Nami nikafurahi! Nikajisemea hii ndiyo nguvu ya jenereta, dukani umeme ulikuwa mdogo. Nikawasha ya pili. Cheche za bluu kwenye matundu ya hewa, harufu ya vanishi inayoungua, halafu moshi ukajaa gari na kumwagika mlangoni. Watoto wakatoka mbio wanapiga kelele gari linaungua. Mlinzi wa nyumba ya pili akaja na ndoo ya mchanga, akaimwaga yote, na zaidi ya nusu ikaingia kwenye tanki langu la maji safi. Hela ya utangulizi nimerudisha. Ile video nasikia imefika mpaka Mbezi.

Sili niliikata siku hiyohiyo. Fundi umeme akafungua boksi: mota zote mbili 120V, 60Hz, zilezile zilizotoka nazo kiwandani, hazijawahi kuguswa na mtu wa Dubai wala wa Buguruni. Stika ya ubavuni ilishaanza kujikunja pembe kwa joto, nikaimenya kwa ukucha, chini yake kuna kibati cha chuma kimepigwa chapa 120. Nilipomsimulia fundi habari ya friji alicheka mpaka akakaa chini. Nyuma ya pazia palikuwa na transfoma ya kushusha umeme, inapokea 230 inatoa 110 na kitu, na transfoma kubwa ikiwa na mzigo inaunguruma. Hata zile nyaya mbili zina sababu yake. Wamarekani, kwa vile umeme wao ni wa 120, mashine kubwa inavuta ampea nyingi mno kwa soketi moja, kwa hiyo wanaugawa mzigo kwenye soketi mbili za saketi tofauti.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba mashine ilikuwa nzima! Angeniambia ukweli, ningemnunulia na hiyo transfoma yake, ningeifunga pembeni ya jenereta, leo niko kazini. Ameiua mashine nzuri kwa sababu ya stika.

Nikarudi. Ananiita "mzee" sasa, umwana umekwisha. Kwanza, sili umekata. Pili, siku saba zimepita. Tatu, jenereta lako bovu, ulete tulipime. Nikamwambia nionyeshe friji. Akasema friji gani? Kijana wa soda akaangalia chini.

Mnaoulizia dalili: kibati cha chuma cha kiwandani ndicho cha kusoma, stika haihesabiki. Plagi mpya kwenye waya wa zamani. Jaribu kwa jenereta lako ulilokuja nalo, au soketi unayoiona mwanzo wake na mwisho wake. Jina la malipo lisilofanana na duka. Mengine mtayajua wenyewe, mimi damu inachemka.

Maana mtu kama huyu hatakiwi aachwe kwa kurudisha hela tu. TRA, watu wa kodi, wamshukie kwa hilo la risiti pekee, wote tumeimbiwa ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Tume ya Ushindani, FCC, ina sheria tangu 2003 inayokataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa, na barua yangu wanayo. Afungiwe duka, picha yake ibandikwe Gerezani yote, alale ndani, na aliyechapisha zile stika alale naye chumba kimoja. Tena wachunguze na yule shemeji mhasibu, kama yupo.

Wawili wameshanipigia, wamepigwa na duka hilohilo, mmoja mashine ya kapeti, mwingine kompresa. Jumatatu saa tatu asubuhi niko kituoni kuongozana na mpelelezi kwenda dukani. Kama nawe umo, njoo na risiti yako ya mkono, ujumbe wa malipo kwenye simu, na stika kama bado iko kwenye mashine. Usiimenye, waione hivyohivyo.