Mahali pa kusimama: uzoefu wangu wa albamu za pop na shoo za nje hapa Mombasa

Tiketi ya VIP kwa shoo ya uwanjani sinunui tena, na bei si sababu. Waandalizi wengi huweka VIP mbele kabisa, chini ya jukwaa, na hapo ndipo sauti huharibika kuliko popote. Spika kubwa za pembeni zimeelekezwa kwa walio nyuma, kwa hivyo sauti huwapita juu ya kichwa walioketi kwenye makochi. Wao hupata besi ya wufa (spika za besi) zilizopangwa chini miguuni, ngoma zenyewe zinavyopigwa, na sauti ya mwimbaji iliyotoka kwenye spika ndogo zinazomwangalia yeye, si wao. Maneno hayashikiki. Kabla hujalipa, angalia ukingo wa jukwaa kwenye picha za shoo zilizopita za mwandalizi huyo huyo. Kama kuna spika ndogo zimepangwa pale zikiwaangalia watu wa mbele, VIP yake inafaa. Kama kuna maua na mabango ya wadhamini tu, umelipia kochi na soda.

Pa kusimama ni karibu na meza ya fundi wa sauti. Fundi anachanganya sauti kwa masikio yake, na kinachomuudhi yeye ndicho anachokirekebisha. Kwa uwanja wa kadiri, meza hiyo huwa mita 25 hadi 30 kutoka jukwaani, katikati. Simama mbele yake hatua mbili tatu; nyuma ya hema lake sauti kali huzibwa na turubai. Mara nyingine meza husukumwa pembeni ili isikate safu za viti, na hapo fundi naye anabahatisha. Ikiwa hivyo, kadiria kwa macho upana kati ya spika za kushoto na za kulia, kisha rudi nyuma umbali huo huo, ukibaki katikati.

Besi ndiyo inayodanganya watu. Wufa zikiwa rundo moja kushoto na jingine kulia, katikati mawimbi yao huungana na kifua kinatikisika, ila ukienda pembeni kuna mahali yanauana. Wimbi la noti ya hezi 60, yaani mitetemo 60 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 6. Ukisimama mahali ambapo rundo moja liko mita 3 karibu nawe kuliko jingine, moja linasukuma hewa wakati jingine linaivuta, na noti hiyo inapotea. Wenzako hapo watasema mitambo ni mibovu. Sogea hatua tatu nne kuelekea katikati, itarudi.

Kisha kuna upepo, na huu ndio unaotofautisha shoo za hapa na za ukumbini. Watu husema upepo unaichukua sauti, lakini upepo wa mita chache kwa sekunde ni kitu kidogo mbele ya sauti inayokwenda karibu mita 347 kwa sekunde kwenye joto letu. Kinachofanyika ni kwamba upepo huwa mpole karibu na ardhi na mkali juu. Sauti inayokwenda mbisho, yaani dhidi ya upepo, hupindishwa kwenda juu, ikawaruka walio nyuma. Inayokwenda na tanga, upepo ukiwa nyuma yake, huinamishwa chini, ikawafikia hata waliokaa nje ya ua. Kwa hivyo pale bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, wakati wa kusi linapovuma kutoka baharini, jukwaa lililoipa bahari mgongo linasaidiwa. Likigeuzwa kuitazama bahari, walio mbali watasikia sauti ikija na kuondoka kama redio yenye stesheni mbovu. Kuongeza nguvu za spika hakusaidii sana hapo. Kusogea mbele kunasaidia. Unyevu nao husingiziwa bure: hewa kavu ndiyo inayomeza sauti nyembamba za matoazi na herufi "s", si hewa yetu nzito ya usiku.

Unyevu kosa lake liko kwenye vyombo. Ngoma za ngozi hulegea, ndiyo maana wapigaji wa chakacha huzipasha moto kabla ya kupanda; ngozi inakazika, mlio unapanda, na baada ya nyimbo kadhaa inaanza kulegea tena. Nyuzi za gitaa hupata kutu kwa chumvi. Ukisikia mkwaruzo kila mpiga gitaa anapogeuka, mara nyingi ni ncha ya waya wake: ina ukungu wa kijani na haigusi vizuri. Mngurumo wa chini usiokoma, hata bendi ikinyamaza, ni umeme wa hezi 50 ulioingia kwenye nyaya za sauti, kwa kawaida kwa sababu vifaa vimechomekwa sehemu mbili zenye waya tofauti za ardhi (earth), jenereta huku na stima ya jengo kule. Fundi makini huumaliza wakati wa kujaribu mitambo. Ukisikia bado uko saa tatu usiku, utakuwa nao hadi mwisho.

Ukikaa mita 100 nyuma, sauti inakufikia imechelewa karibu sekunde 0.3. Kwa wimbo wa mapigo 100 kwa dakika hiyo ni nusu pigo, na ndiyo sababu makofi ya walio nyuma hayapatani na ya walio mbele, na midomo kwenye skrini haifuati maneno. Shoo kubwa huweka minara ya spika katikati ya uwanja na kuichelewesha kwa makusudi ili ilingane na sauti ya jukwaani. Ikiwa imeachwa bila kucheleweshwa utasikia kila neno mara mbili. Hama.

Sasa albamu. Mimi huisikiliza nzima mara mbili kabla ya kwenda, kwa mpangilio wake, na naona ni nusu ya tiketi. Zima kuchanganya nyimbo ovyo, rudisha sekunde za kuunganisha nyimbo (crossfade) hadi 0, zima ile "bass boost" ya simu. Kwa kilobiti 320 kwa sekunde, dakika moja inakula MB 2.4, yaani albamu ya dakika 40 ni karibu MB 96. Ipakue kwenye waifai, usiipige kwa bando. Spika ya simu haitoi besi yoyote ya maana, na ya matatu inatoa besi peke yake, kwa hivyo tumia iafoni, hata za waya za bei ndogo, almradi mpira wake uzibe tundu la sikio. Usipoziba, besi inavuja na utailaumu albamu.

Maoni yangu kuhusu albamu za pop za siku hizi: zimekuwa ndefu mno na nyimbo zake fupi mno. Thriller ya Michael Jackson, 1982, ina nyimbo 9 kwa dakika 42 hivi, kwa sababu upande mmoja wa santuri ulibeba dakika kama 22 bila kupoteza ubora. Siku hizi hakuna upande, na Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa baada ya sekunde 30, basi kiitikio kinaletwa mbio na utangulizi unakatwa. Ndiyo maana nazipenda shoo za bendi: jukwaani utangulizi hurudishwa. Midnight Train ya Sauti Sol, iliyotoka Juni 2020 ikiwa na nyimbo 13, ni mfano wa albamu inayovumilia kupelekwa jukwaani, maana imejengwa kwa sauti za watu na gitaa, vitu ambavyo bendi inaweza kuvirudia. Albamu iliyojengwa kwa kompyuta peke yake ikifika jukwaani mara nyingi huwa ni pleibeki, yaani sauti iliyorekodiwa inapigwa na msanii anachezesha mdomo.

Pleibeki utaijua kwa maiki. Maiki ya kawaida ya jukwaani huongeza besi ya sauti mdomo ukiwa karibu, na huidhoofisha ukiisogeza sentimita 20. Msanii akiishusha hadi kifuani na sauti ikabaki nene vile vile, ni diski. Nusu pleibeki, ambapo diski iko chini na yeye anaimba juu yake, huonekana mwisho wa mistari: neno linaisha mara mbili. Kwa msanii anayecheza dansi wimbo mzima, nusu naikubali. Diski nzima siikubali, hata kama tiketi ilikuwa ya mapema. Bendi ikishusha ufunguo nusu toni, hilo si udhaifu. Sauti ya studio ilirekodiwa kwa vipande, hii inaimbwa dakika 90 mfululizo.

Na maiki ikilia "piiii", tazama mkono. Mara nyingi msanii ameshika kichwa chote cha maiki kama anakamata embe. Mashimo ya nyuma ya kichwa hicho ndiyo yanayoifanya isisikie spika. Akiyaziba, inasikia kila upande na kulia.

Tiketi ya simu piga picha ya skrini ukiwa nyumbani, kwa kuwa mtandao husongwa getini. Usiitume kwenye kundi: anayeskaniwa wa kwanza ndiye anayeingia. Ukilipa kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla ya kukubali. Saa iliyoandikwa ni ya kufungua geti. Msanii mkuu mhesabie saa tano, saa sita usiku, na kabla ya hapo kuna mihogo na madafu, na leso ya kukalia kama ni kwenye nyasi.

Masikio. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba kumbi na matamasha yasizidi wastani wa desibeli 100. Kipimo cha usalama kazini, kile cha desibeli 85 kwa saa 8, hupunguza muda kwa nusu kila desibeli 3 zinapoongezeka, kwa hivyo desibeli 100 zinabaki dakika 15. Vizibo vya sponji huuzwa kwenye maduka ya dawa na ya hadwea. Viringisha kwa vidole hadi kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kisukume ndani, ukishikilie kwa kidole sekunde 30 hadi kivimbe. Wengi hukiweka mlangoni tu, kikaanguka wimbo wa pili. Vya sponji huzima zaidi sauti nyembamba, muziki ukawa kama unatoka nyumba ya pili. Vile vya wanamuziki vyenye kichujio hupunguza zote kwa usawa.

Asubuhi yake, masikio yakiwa bado yanavuma, iafoni ziache. Albamu irudie mvumo ukishaisha kabisa, ukianza na wimbo ambao bendi iliubadilisha.