Darubini ya kuangalia ndege winta: ipi ununue kwanza

Jamani mliopo Chicago, Milwaukee na huku kote kando ya Ziwa Michigan, winta ndo msimu wenyewe wa ndege. Bata wa kaskazini wanashuka ziwani, na uani ukining'iniza kilishio chenye mbegu nyeusi za alizeti unawapata kardinali, chikadii na vigong'ota. Kinachosumbua ni darubini, ile ya macho mawili, maana watu wanauziwa namba kubwa tu.

Kila darubini ina namba mbili, mfano 8x42: ya kwanza ni inakuza mara ngapi, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa mwanga unaoingia jichoni: 8x42 inakupa milimita 5.25, 10x25 inakupa 2.5 tu. Na Desemba Chicago jua linazama saa kumi na dakika ishirini jioni, mawingu tele, kwa hiyo mwanga ndo kila kitu.

1. 8x42. Hii nunua bila kuwaza. Chukua mfano bata goldeneye, anazama hapa anaibukia kule, na ukiwa na 8x unaona eneo pana unamdaka, ile 10x unahangaika kumtafuta mpaka kashazama tena. Mkono ukitetemeka kwa baridi picha nayo haichezi sana. Kwa bei ya wastani angalia Celestron Nature DX, Vortex Diamondback HD au Nikon Monarch M5. Hakikisha imejazwa gesi ya naitrojeni isipate ukungu ndani, na ina uwezo wa kuona kitu kilicho mita 2 hadi 3, maana kilishio kiko karibu na kule uani kuna vigong'ota wa aina mbili, downy na hairy, wanaofanana rangi kabisa, unawatofautisha kwa mdomo: wa downy mfupi, wa hairy unakaribia urefu wa kichwa chake.

2. 10x42. Kama wewe ni mtu wa ziwani tu, kila wikiendi uko Montrose Harbor, ile bandari ya Chicago, sawa, maana bata wa mbali inawakuza zaidi.

3. 8x32. Nyepesi, nzuri kuiacha dirishani jikoni, ila jioni inafifia mapema. Na dirisha usilifungue, hewa ya moto ikitoka picha inacheza kama lami ya jua kali, angalia kupitia kioo kikiwa safi.

4. Teleskopu na stendi ya miguu mitatu. Kwa bata wa mbali haina mpinzani, lakini iwe ya pili, baada ya darubini.

Zile za zumu, unazobadilisha ukuzaji kama 8-24x, za bei chee achana nazo kabisa, giza tupu.

Wenye miwani, ulizeni umbali wa jicho na lenzi usipungue milimita 15. Na ukirudi ndani iache kwenye begi kwanza ipate joto polepole, ukiitoa ghafla lenzi zinajaa ukungu.