Baiskeli nyepesi ya milimani kwa safari ndefu: ipi iwe ya kwanza, ipi ya mwisho

Ukiwa unapiga kilomita 80 kwenye kokoto, mchanga na makorongo, iwe ni Usambara au njia za kuteremkia Magadi, wepesi ni jambo la maana, ila usiutazame peke yake. Wauzaji hupenda kukunyanyulia baiskeli dukani kwa kidole kimoja. Waulize kwanza: kipuri kikifa, nitakipata wapi? Swali hilo ndilo lililopanga orodha hii. Zote ni za magurudumu ya inchi 29, maana gurudumu kubwa hupita juu ya mawe pale ambapo dogo hunasa.

1. Fremu ya alumini, shokapu mbele tu

Hii ndiyo ya wengi wetu. Specialized Chisel (ile ya shokapu mbele tu), Giant XTC SLR na Orbea Alma ya alumini ni za kundi hili. Tafuta yenye foku (uma wa mbele unaoshika gurudumu, wenye shokapu ndani) ya hewa, si ya springi, inayobonyea milimita 100 hadi 120, na uzito wa kilo 11 hadi 13. Foku ya hewa unairekebisha kulingana na uzito wako: panda ukiwa na begi na maji, kisha tazama ule mpira mdogo kwenye mguu wa foku. Kwa foku ya milimita 100, mpira uwe umesukumwa juu kama milimita 20. Pampu ya tairi haifai kazi hii. Nunua ya shokapu.

Gia ndipo wengi wanapopigwa. Mfumo wa gia 12 wenye kaseti (rundo la gia za gurudumu la nyuma) ya meno 10–51 unahitaji habu (kitovu cha gurudumu) ya aina yake, na kaseti yake si ya bei ya mchezo. Shimano Deore ya gia 11, kaseti 11–51, inaingia kwenye habu ya kawaida ya Shimano ambayo fundi yeyote anaifahamu. Mbele, kwenye pedeli, weka gia ya meno 32, au 30 kama kwenu ni milima mitupu.

2. Shokapu mbele na nyuma, milimita 120

Specialized Epic 8, Orbea Oiz na Scott Spark RC. Kwa starehe na kasi kwenye njia mbovu, hizi zinaishinda namba moja bila ubishi, na baada ya saa nne mgongo wenyewe utakwambia. Zimewekwa ya pili kwa sababu ya bei, na kwa sababu ya matunzo: beringi za viungo vya nyuma huliwa na vumbi, na shokapu inahitaji sili (raba za kuzuia mafuta) mpya kwa kuhesabu saa za matumizi, si kungoja ianze kuvuja. Kama mjini kwenu kuna fundi mwenye vifaa vya kuifungua, ipandishe iwe ya kwanza. Hakikisha fremu ina nafasi ya chupa mbili.

3. Kaboni, shokapu mbele tu

Nyepesi, kilo 9 hadi 10, na inapanda mlima vizuri sana. Lakini kwa bei yake, ile ya alumini ukiiongezea rimu nzuri inaikaribia. Ikiwa ni ya mtumba, gongagonga fremu kwa sarafu ukisikiliza: sauti ikififia mahali pamoja, huenda kuna ufa ndani. Angalia hasa chini ya fremu, mbele ya pedeli, mawe hupiga pale.

4. Za mashindano zenye shokapu fupi ya nyuma

Mfano Trek Supercaliber, ambayo shokapu yake ni sehemu ya fremu. Ni mashine ya ajabu, lakini ikiharibika, ya dukani kokote haiingii.

Zile nzito za bei rahisi zenye springi nene nyuma hazimo kwenye orodha. Acha.

Kabla ya kulipa

Tairi ziwe za upana wa inchi 2.25 hadi 2.4, zisizotumia tyubu. Miba ya migunga itatoboa tyubu mpaka viraka vikuishie. Mimina mililita 100 hivi za majimaji ya kuziba matundu kila tairi, na uongeze kila baada ya miezi miwili au mitatu kwani joto huyakausha. Mtu wa kilo 75 aanze na upepo wa psi 21 mbele na 24 nyuma.

Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini, itabidi uyaagize. Nyingi za SRAM hutumia DOT, mafuta ya breki kama ya magari, ambayo iko kila duka la spea za magari, ila baadhi ya mpya ni za mafuta ya madini. Soma kifuniko cha mafuta kwenye breki. Ukichanganya, sili zinavimba na breki inakufa.

Nunua siku hiyohiyo vipande viwili vya akiba vya ile alumini ndogo inayoshika derela, yaani kihamisha cheni cha nyuma. Hupinda kwa kuanguka kidogo tu, na cha fremu moja huenda kisiingie nyingine.

Kwa mtumba, chukua rula upime cheni kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini ya 24 baada yake. Mpya ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, cheni imekwisha. Ikizidi kwa 1/8, kaseti nayo imeliwa, na bei yake uitoe kwenye bei anayokutajia muuzaji.