REAPER na biti za taarab: uzoefu wangu wa kwantaizi na kubadili tempo

Mi napiga kinanda hapa Tanga, taarab na nyimbo za harusi mara nyingi, na kwa miezi minane sasa kazi zangu zote za MIDI (noti ambazo kompyuta inazihifadhi kama maelekezo, siyo sauti yenyewe) nafanya kwenye REAPER, programu ya kompyuta ya kurekodi muziki. Naandika kwa ajili ya vitu viwili tu, kwantaizi (kuzivuta noti zikae kwenye gridi, ile mistari inayogawa mapigo) na kubadili tempo (kasi ya wimbo, mapigo kwa dakika), maana hapo ndo nilihangaika sana huko nyuma na hapo ndo hii programu imenikomboa. Mambo ya miksi wapo wanaoyajua kuliko mimi.

Programu niliyoanza nayo, ukibonyeza kwantaizi noti zote zinarukia kwenye gridi asilimia mia, basi, imeisha hiyo. Siku moja nikapiga biti ya chakacha kwa vidole, tamu kabisa, nikaikwantaizi kwa gridi ya kumi na sita kama nilivyozoea kwenye bongo fleva, nikampelekea mzee mmoja anayetupigia dumbaki. Akasikiliza kidogo tu akavua hedfoni, akasema, "Mwanangu, ngoma hii inachechemea." Nikamwambia mzee wangu mbona kila noti iko kwenye mstari wake. Hakunijibu, akaanza kupiga meza kwa kiganja, ta-ta-ta, ta-ta-ta, huku ananiangalia.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa hesabu. REAPER inagawa pigo moja kwa vipande vidogo 960 vinavyoitwa tiki. Chakacha ile kila pigo linagawanyika mara tatu, kwa hiyo noti zinaangukia tiki 0, 320 na 640. Gridi ya kumi na sita yenyewe inagawa pigo mara nne, yaani 0, 240, 480 na 720. Sasa ukilazimisha, ile noti ya 320 inavutwa nyuma mpaka 240 na ile ya 640 inasukumwa mbele mpaka 720, kila moja imehama tiki 80, na kwa tempo ya 104 hizo ni kama milisekunde 48. Kwa mtu aliyekulia kwenye ngoma hiyo ni nyingi mno, ndo kule kuchechemea alikokusema mzee.

Kwenye REAPER unafungua edita ya MIDI, unabonyeza herufi Q, kinakuja kidirisha. Kwanza unachagua gridi, na kwa ngoma zetu hizi chagua ya tripleti, inayogawa pigo mara tatu, kabla hujagusa kitu kingine chochote. Halafu kuna kisleda cha nguvu ya kuvuta, kwa asilimia, na hiki ndo nakipenda kuliko vyote. Noti iliyochelewa tiki 30, ukiivuta kwa asilimia 60 inabaki imechelewa tiki 12, yaani imenyooka lakini bado ni mkono wa mtu. Unasogeza kisleda wimbo unapiga, unasikia palepale, na hata ukishafunga unaweza kuzirudisha noti zilikokuwa maana inakumbuka zilipigwaje mwanzo. Mi bezi naivuta asilimia 80 hadi 90, dumbaki 60 au chini ya hapo, solo ya kinanda siigusi kabisa. Na ile kwantaizi ya wakati wa kurekodi, inayonyoosha unavyopiga, naizima siku zote, rekodi kwanza ulivyopiga halafu ndo uamue.

Kuna watu wanakwantaizi asilimia mia halafu wanabonyeza hyumanaizi ili ionekane kapiga mtu. Kwa kweli sikubaliani nao. Ile inatawanya noti ovyo, mpigaji hachelewi ovyo. Mzee wetu wa dumbaki lile pigo zito la mwisho, "dum", kabla ya kiitikio analivuta nyuma kidogo kila mara, palepale, na waimbaji wanalingojea hilo ndo waingie. Ukilifuta hata uongeze nini baadaye hulipati.

Haya, tempo. Nyimbo za harusi kile kipande cha watu kuja kutunza lazima kichangamke, kwa hiyo natoka 104 naenda 108. Zamani niliwahi kufanya hivyo wimbo mzima baada ya sauti kurekodiwa tayari, wimbo wa dakika 4, na ukipiga hesabu biti ya 108 inamaliza karibu sekunde 9 mapema, sasa ngoma zimefika mwisho dada yetu bado yuko ubeti wa mwisho anaimba peke yake, ikabidi nimpigie simu arudi studio na nauli nikatoa mimi. Kosa lilikuwa langu, sikujua kwamba MIDI inafuata tempo yenyewe lakini sauti iliyorekodiwa inahitaji uambiwe ifanye nini. Kwenye REAPER kuna setingi ya timebase, inayoamua vipande vifuate nini tempo ikibadilika, ya projekti nzima au ya kipande kimojakimoja: ukiweka Time sauti inabaki ilipo hata tempo ibadilike, ukiweka ile ya Beats inayogusa urefu na spidi sauti inanyooshwa ifuate. Iweke kabla hujagusa tempo, siyo baada. Na alama ya tempo unaiweka kwa Shift+C, ina kisanduku cha kutiki ili tempo ipande polepole mpaka alama inayofuata. Mi napandisha hivyo kwa vipimo (baa) nane na wachezaji hawashtuki, wanajikuta tu wamekolea.

Bei: siku 60 unajaribu bure na kila kitu kipo, halafu leseni ya watu wa kawaida kama sisi ni dola 60. Mi nililipa. Ila ujue haiji na maktaba ya sauti za vinanda na ngoma, hizo unatafuta mwenyewe.

Kilichonifanya niamue kulipa ni taksim, ule utangulizi wa ala moja usiofuata kasi moja. Mpiga udi wetu anafungua wimbo bila ngoma, anakokota, anasimama, anaharakisha anavyojisikia, na huko nyuma nilikuwa namlazimisha kuvaa hedfoni yenye kliki, ule mlio wa kuhesabu mapigo, anapiga kama mtu aliyefungwa kamba. Sasa namwacha apige bila kliki, timebase naweka Time, halafu nikimaliza nazungushia kila kipimo chake kimoja kimoja na kuiambia programu itengeneze kipimo kutokana na hapo nilipochagua, yenyewe inatafuta tempo. Kipimo hiki 71, kinachofuata 66, kingine 78. Kazi inachosha, taksim ya dakika moja inaweza kunila saa nzima, lakini gridi inamfuata yeye, na vinanda vyangu vya MIDI vyenye sauti za fidla nikiviingiza chini vinapumua naye. Juzi nimemsikilizisha taksim ile tuliyomaliza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza hizo fidla nilimwita nani aje apige.