Sinia la watu wanne, Tunguu: njoo na njaa, kundi lako liache

Sahani ya mtu mmoja hapa hakuna. Ukija peke yako unalipa 3,500, unanawa kwenye ndoo yenye bomba, unakaa utakapoambiwa. Mbele yako linatua sinia la wali wa nazi, changu wa kupaka katikati, kachumbari, ndimu, na watu watatu ambao pengine hata salamu hamjawahi kupeana. Ni banda la makuti jirani na kituo cha daladala, na kwa vile Tunguu, hapa Unguja, ina SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) na Zanzibar University, wanafunzi wa vyuo vyote viwili wanakutana hapo.

Mara ya mwisho mama mwenye banda alinipanga na msichana wa Bukoba, Mngazija wa Komoro anayesoma kompyuta na mmoja wa Makunduchi. Mie wa Wete, Pemba. Yule wa Bukoba aliomba kijiko, akaletewa bila maneno. Kufika kwenye samaki akakiweka chini mwenyewe, maana kijiko hakijui mwiba ulipo. Mngazija akamwonesha namna ya kuuminya mnofu kwa dole gumba mpaka mwiba ujitokeze.

Raha ya sinia ipo kwenye adabu zake. Wali kila mtu anakula upande wake, lakini samaki anagawiwa na mkubwa. Sasa mkubwa nani? Hapo ndipo mnapoulizana umri, kwenu wapi, mwaka wa ngapi, na kabla changu hajaisha mshajuana. Semina za umoja nimehudhuria, na tukitoka ukumbini kila mtu anarudi kwa watu wa kwao. Wasichana wana masinia yao na wavulana yao, na mie kwa hilo sina neno.

Jumatano kuna ugali na dagaa kwa ajili ya watu wa bara. Wapemba wenzangu wanaununia kwa midomo tu. Masinia yanarudi meupe.

Kasoro zipo. Mkija wanne mlio pamoja, mama anawaachia sinia lenu, na ujanja huo Wapemba ndio mabingwa. Tunajaza benchi zima, tunaongea Kipemba chetu kwa kasi, kama vile nje ya hapo hakuna watu. Wasukuma nao hivyo hivyo. Mama angewatawanya tu, kwani nani atamgomea mwenye chungu? Halafu ukipangwa na mlaji wa haraka umeumia, utabaki unachovya rojo. Na baada ya adhuhuri foleni inafika barabarani, wakati anayepakua ni mmoja.

Ramadhani mchana hafungui, kama migahawa mingi ya Unguja. Anauza futari: muhogo wa nazi, tambi, uji wa pilipili manga. Wakristo wa hosteli wanakuja pia, wanakaa nasi mbele ya tende, na hakuna anayezigusa mpaka adhana. Mwaka huu kuna mmoja alikuwa akitukumbusha dakika zilizobaki kuliko sisi tuliofunga, ati njaa ya kungoja inamuuma zaidi yeye.

Asiyekula samaki aseme mapema, atapata maharage na mchicha kwa bei ile ile, jambo ambalo naliona si haki. Biriani ni Ijumaa, 5,000. Agiza asubuhi, kwa sababu watu wakitoka msikitini huwa limeshabaki ukoko.